Kupima Bahari Mara Moja, Kukitumia Kipimo Mara Nyingi

Mwenyekiti, waheshimiwa wageni, ndugu zangu wapimaji wa bahari, manahodha, watafiti na watunza kumbukumbu,

Nimeombwa nizungumze juu ya namna tunavyokusanya, tunavyopeana na tunavyotunza data za ramani za bahari, na naona ni vyema nianze na hali ilivyo. Bahari imefunika takriban asilimia 71 ya uso wa dunia. Mwaka 2017, mradi wa Seabed 2030 ulipoanzishwa kwa ushirikiano wa Nippon Foundation, shirika la hisani la Japani, na GEBCO, mpango wa kimataifa wa kuchora ramani ya kina cha bahari, sehemu ya sakafu ya bahari iliyokuwa imepimwa kwa kiwango kinachokubalika leo ilikuwa karibu asilimia 6 tu. Kufikia Juni 2025 mradi huo ulitangaza kwamba tumefika asilimia 27.3. Ni hatua kubwa na waliohangaika kuifikia wanastahili heshima, lakini maana yake vilevile ni kwamba karibu robo tatu ya sakafu tunayoiona kwenye ramani zenye rangi za kupendeza ni makisio, mengi yakiwa yametokana na satelaiti. Satelaiti haifiki chini ya maji. Inachopima ni mwinuko mdogo wa uso wa bahari, ambao huumuka juu ya milima mikubwa ya chini kwa sababu ya mvutano wake, na kutokana na mwinuko huo wataalamu hukadiria umbo la sakafu. Mlima mrefu hujulikana kwa njia hiyo. Mwamba mdogo unaotosha kupasua meli haujulikani.

Tunapozungumzia pengo hili, fikra zetu hukimbilia kwenye meli, vyombo vipya na bajeti za safari. Hayo yanahitajika, wala sisimami hapa kuyapinga. Hata hivyo, sehemu kubwa ya ongezeko la miaka ya mwanzo ya mradi huo haikutokana na safari mpya, bali na data zilizokwisha kukusanywa na taasisi mbalimbali ambazo hatimaye zilikubali kuzitoa. Bahari ilikuwa imepimwa na dunia haikujua. Kwa hiyo ninachotaka kukisema leo ni hiki: kipimo ambacho hakina maelezo yake, hakijulikani kiko wapi, na hakiwezi kufunguliwa na mtu mwingine, hakina tofauti na kipimo ambacho hakikufanyika, isipokuwa kwamba kimekwisha kugharimu mafuta, muda wa mabaharia na fedha za umma. Kuziba pengo hilo la pili ni rahisi kuliko kuziba la kwanza, na ajabu ni kwamba tumelipa uzito mdogo zaidi.

Madhara yake si ya makaratasi. Tarehe 8 Januari 2005, nyambizi ya Marekani USS San Francisco, ikisafiri kwa kasi kubwa kusini mwa Guam, iligonga mlima wa chini ya bahari. Baharia mmoja alifariki na wengine wengi walijeruhiwa. Ramani iliyokuwa ikitumika kuongozea chombo haikuonyesha kitu chochote pale. Ila uchunguzi uliofanywa na Jeshi la Wanamaji la nchi hiyo ulieleza kwamba ramani nyingine zilizokuwemo humo humo chomboni zilikuwa na dalili za hatari katika eneo hilo. Ninawaomba tulizingatie jambo hilo kwa makini. Dalili ilikuwapo, na ilikuwa mikononi mwa watu walewale, lakini ilikaa kwenye karatasi moja na maamuzi yakafanyika juu ya karatasi nyingine. Hapakuwa na ukosefu wa taarifa peke yake; palikuwa na taarifa zilizotengana.

Upande wa nchi kavu nako kuna wanaotegemea kazi hii bila kujua. Wimbi la tsunami katika kina cha mita 4,000 hukimbia kwa takriban kilomita 700 kwa saa, na likifika kwenye maji ya mita 10 mwendo wake hupungua hadi kilomita 36 hivi, huku maji yanayofuata nyuma yakijazana na kuinuka. Mwendo na njia yake huamuliwa na kina. Anayekadiria ni ufuo upi utakaofikiwa kwanza, na maji yatapanda mita ngapi, anahitaji vipimo vya maji mafupi karibu na pwani, na hivyo ndivyo ambavyo katika nchi nyingi vimechakaa, au vimefungiwa, au havikuwahi kuchukuliwa. Kebo za mawasiliano zinazobeba karibu data zote za intaneti kati ya mabara hulazwa kwenye sakafu hiyohiyo. Mikondo inayosambaza joto hugeuzwa na mabonde na matuta yake. Orodha ni ndefu, nami sitaimaliza, kwa sababu waliomo katika ukumbi huu wanaijua.

Naingia sasa kwenye ukusanyaji wenyewe, ambako nitakaa kwa muda, maana kasoro nyingi tunazohangaika nazo baadaye huzaliwa hapo.

Zamani kina kilipimwa kwa bildi. Meli ya Uingereza iitwayo HMS Challenger, katika safari yake ya kisayansi ya kuanzia 1872 hadi 1876, iliteremsha kamba yenye uzito mamia ya mara katika bahari kuu, na kila kipimo kilichukua saa kadhaa. Mwezi Machi 1875, katika bahari ya magharibi ya Pasifiki, kamba hiyo ilishuka zaidi ya mita 8,000. Lakini mabaharia na wanasayansi wale waliandika zaidi ya kina. Waliandika mahali, siku, joto la maji na aina ya tope lililopanda na chombo, kisha matokeo yote yakachapishwa katika mabuku 50 kati ya 1880 na 1895. Ndiyo maana mtafiti wa leo anaweza kuvirudia vipimo vile, akajua viliaminika kiasi gani, na akavilinganisha na vya kwake. Ningetamani kusema hivyo hivyo juu ya diski za miaka ya 1990 zilizomo makabatini mwetu.

Leo tunatumia mwangwi. Chombo hupiga sauti, sauti hugonga sakafu na kurudi, nasi tunahesabu muda. Sauti husafiri majini kwa kadiri ya mita 1,500 kwa sekunde, kwa hiyo katika kina cha mita 4,000 mwangwi hurejea baada ya sekunde tano na kidogo. Sona ya miale mingi hufanya hivyo kwa mamia ya miale kwa mpigo mmoja, ikipangusa ukanda mpana wa sakafu kulia na kushoto mwa meli. Kinachoandikwa kwenye kompyuta, hata hivyo, si kina. Ni muda. Ili muda huo uwe kina, ni lazima tujue kasi ya sauti katika maji yale siku ile, na kasi hiyo hubadilika kwa joto, chumvi na mgandamizo. Ukikosea kwa asilimia moja tu, katika mita 4,000 umekosea mita 40. Kwa miale ya pembeni kosa ni baya zaidi, kwa sababu sauti hupinda inapopita kwenye tabaka za maji zenye joto tofauti, na sakafu iliyo tambarare huonekana imekunjamana juu au chini katika kingo zote mbili za ukanda. Mtu aliyezoea kusafisha data hutambua mkunjo huo mara moja. Asiyezoea huchora matuta ambayo hayapo.

Kisha kuna suala la usawa tunaopimia. Kina ni umbali kutoka wapi? Ramani za uongozaji wa meli kwa kawaida hupima kutoka usawa wa maji yaliyokupwa sana, ili nahodha asidanganyike. Wanasayansi wengi hupima kutoka usawa wa wastani wa bahari. Na wapimaji wanaotegemea satelaiti za mahali huweza kupima kutoka umbo la kihesabu la dunia ambalo halihusiani na maji hata kidogo. Tofauti kati ya viwango hivyo yaweza kuwa mita kadhaa, na kwa hicho cha mwisho hata makumi ya mita. Sasa chukueni maeneo mawili yaliyopimwa na taasisi mbili, kila moja kwa ustadi mkubwa, yakipakana. Mchora ramani anayaunganisha. Pale yanapokutana kunatokea ngazi: sakafu inashuka ghafla mita tatu, katika mstari ulionyooka kabisa, kilomita nzima. Hakuna ngazi chini ya bahari. Kuna maneno mawili au matatu ambayo hayakuandikwa katika faili mojawapo, yaani jina la usawa uliotumika, na kwa kukosekana kwa maneno hayo mtu analazimika ama kubahatisha, ama kuiacha data yote.

Wengi wenu mmewahi kupokea faili ya aina hiyo. Jina lake ni la kifupi, limeishia na neno linaloashiria kwamba ni la mwisho, na kando yake kuna nyingine yenye jina lilelile na tarakimu 2. Ndani mna safu tatu za namba: longitudo, latitudo na kina. Hakuna tarehe ya upimaji. Haijulikani kama kupwa na kujaa kumerekebishwa. Haijulikani kama chombo cha mwangwi kilikuwa mita mbili au mita tano chini ya uso wa maji, wala kama kimo hicho kimeongezwa. Mpimaji aliyeyajua hayo amestaafu. Namba ni safi, mistari imenyooka, na hakuna mchora ramani mwadilifu atakayethubutu kuziweka mbele ya nahodha.

Kwa hiyo ombi langu la kwanza ni kwa wanaopanga safari za upimaji. Maelezo ya data, yale tunayoyaita metadata, yahesabiwe kuwa sehemu ya kipimo na si kiambatisho cha baadaye. Yaandikwe chomboni, siku ileile, na aliyepima. Shirika la Kimataifa la Haidrografia, lililoanzishwa mwaka 1921 na lenye makao yake Monaco, lina kiwango kiitwacho S-44 kinachoeleza usahihi unaotakiwa kwa kila daraja la upimaji, na hapana sababu ya mtu kujitungia daraja lake. Aidha, data ghafi zihifadhiwe pamoja na zilizosafishwa, kwa kuwa mbinu za kusafisha huboreka, na kosa la kasi ya sauti laweza kurekebishwa hata baada ya miaka ishirini iwapo muda wa mwangwi bado upo. Anayefuta data ghafi ili apate nafasi kwenye seva amefuta uwezekano huo moja kwa moja. Na nguvu ya mwangwi unaorudi isitupwe, hata kama mkataba ulidai kina peke yake: hiyo ndiyo humwambia mwanabiolojia kama pale pana mwamba, mchanga au tope, na chombo kimeshaipokea bila gharama ya ziada.

Meli zilizokodiwa kwa upimaji haziwezi kuifikia bahari yote peke yake. Kila siku maelfu ya meli za mizigo, za uvuvi na za utafiti hukatiza bahari zikiwa na vipima kina vilivyowashwa kwa usalama wao wenyewe, na namba hizo hupotea mara tu zinapotoka kwenye kioo. Shirika la Haidrografia lina mwongozo uitwao B-12 unaoeleza jinsi chombo cha kawaida kinavyoweza kuchangia vipimo vyake, na tangu 1990 kipo kituo chake cha data za kina kinachotunzwa na NOAA, idara ya serikali ya Marekani ya bahari na anga, ambacho hupokea michango hiyo. Vipimo hivi havitachora mlango wa bandari. Vina mapungufu yake, na ni lazima vibaki na alama ya kuonyesha vilikotoka. Lakini katika eneo ambalo leo tuna makisio ya satelaiti pekee, mstari mmoja wa mwangwi ni hazina. Meli ya utafiti inayosafiri kwenda eneo lake la kazi na kuizima sona njiani imepoteza nafasi isiyorudi, na vivyo hivyo meli inayofuata kwa usahihi njia iliyokwisha kupimwa na nyingine, wakati ingeweza kusogea kilomita chache kando na kupangusa ukanda mpya kwa mafuta karibu yaleyale.

Nageukia kupeana data, na hapa nataka tuzungumze kwa uwazi, kwa sababu milango iliyofungwa huwa na sababu zake, na sababu hizo hazilingani uzito.

Ya kwanza ni usalama wa nchi. Ni sababu ya kweli. Kina ni taarifa ya kijeshi. Nyambizi hujificha humo. Lakini historia inatuonyesha kwamba hata chini ya usiri mkali ipo njia. Katika miaka ya 1950, wanajiolojia wa Marekani Marie Tharp na Bruce Heezen walikuwa wakikusanya vipimo vya meli nyingi vya Atlantiki, Tharp akivichora kwa mkono, mstari baada ya mstari. Ramani za kina zenye mistari ya usawa zilikuwa siri ya jeshi nchini Marekani wakati huo. Wakachagua kuchora picha ya umbo la sakafu, matuta na mabonde kama yanavyoonekana kutoka angani, bila namba za kina zilizokatazwa. Ramani yao ya Atlantiki ya Kaskazini ilitoka 1957. Bonde refu ambalo Tharp alikuwa amelitambua katikati ya tuta la bahari hiyo lilikuja kuwa moja ya nguzo za hoja kwamba mabara husogea. Kwa maneno mengine, umbo liliweza kutolewa bila undani, na umbo hilo peke yake lilibadilisha elimu ya dunia.

Leo tunaweza kufanya vivyo hivyo kwa kipimo kilichopangwa. Gridi ya GEBCO, yaani ramani ya kina iliyogawanywa katika miraba midogo, ina chembe (miraba hiyo) za sekunde 15 za tao, ambazo kwenye ikweta ni karibu mita 450 kila upande. Nchi inayohofia kutoa data za mita moja au mbili inaweza kutoa wastani wa ukubwa huo, ikabaki na undani wake, na bado ikawa imeondoa doa tupu kwenye ramani ya dunia. Hata Seabed 2030 haidai undani uleule kila mahali: katika maji yasiyozidi mita 1,500 inataka chembe za mita 100, na chini ya mita 5,750 inatosheka na mita 800. Kati ya kutoa kila kitu na kutotoa chochote pana nafasi pana sana, na ninaamini kwamba nchi nyingi zinazokataa hazijawahi kuulizwa swali hilo la katikati.

Sababu ya pili ni biashara. Kampuni inayotafuta mafuta au inayotandaza kebo imelipia upimaji wake, na kuitaka itoe yote siku ileile si haki. Suluhisho lake linafahamika: muda wa kuhodhi ulioandikwa, wenye tarehe ya mwisho, ambao ukiisha data hutoka zenyewe bila mtu kwenda kuomba. Tatizo ni pale kibali kinapotolewa bila tarehe hiyo. Kampuni hubadili jina au huuzwa, na data huzama pamoja na kumbukumbu za kampuni.

Ya tatu ni hofu ya lawama, kwamba mtu akitumia vipimo vyangu akapanda mwamba nitashtakiwa. Tamko la wazi la leseni na la ubora huiondoa sehemu kubwa ya hofu hiyo. Ya nne, ambayo haisemwi, ni aibu ya kuonyesha kazi isiyo nadhifu. Kwa wenye aibu hiyo nasema: data yenye kasoro zilizoelezwa inafaa kuliko data nzuri isiyoonekana. Na ya tano ni uzembe tu. Hakuna aliyekataa, hakuna aliyepewa kazi ya kusema ndiyo.

Mfano wa ukarimu uliofanywa vizuri ulizaliwa katika msiba. Ndege ya Malaysia Airlines MH370 ilipopotea Machi 2014, watafutaji walikuta kwamba sakafu ya sehemu ile ya kusini mwa Bahari ya Hindi haijulikani kiasi cha kutosha hata kuburuta chombo cha utafutaji bila kukigonga mlimani. Ilibidi kwanza ipimwe. Ndege haikupatikana katika utafutaji ule, na familia bado zina majonzi yao. Mwaka 2017 Australia iliziweka wazi data hizo za sakafu kupitia Geoscience Australia, taasisi yake ya serikali ya jiolojia, na wanasayansi wakaanza kusoma matuta, mabonde na maporomoko ya eneo ambalo kabla ya hapo lilikuwa kivuli. Zingeweza kubaki katika jalada la uchunguzi. Mtu fulani aliamua zisibaki.

Haki katika kupeana ina upande mwingine ambao lazima niutaje. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa 1982 unaipa nchi ya pwani mamlaka juu ya utafiti wa kisayansi katika ukanda wake wa kiuchumi, unaoweza kufika maili 200 za baharini, na ibara yake ya 249 inamtaka mtafiti wa kigeni aiwezeshe nchi hiyo kuzifikia data na sampuli zilizotokana na utafiti huo. Kimaandishi ni sawa. Kiutendaji, nchi nyingi hupelekewa diski iliyojaa faili za muundo unaofunguliwa na programu ambayo leseni yake ni ghali kuliko bajeti ya idara nzima, na kwa hesabu ya barua wajibu umetimizwa. Mimi sikubali kwamba huko ni kupeana. Data ikabidhiwe katika muundo ulio wazi, pamoja na ramani iliyokamilika na mafunzo kwa watakaoitunza, na hayo yaandikwe katika kibali kabla meli haijang'oa nanga.

Sasa utunzaji. Katika hili nitasema machache ya msingi, kwa kuwa nyenzo zipo na zinajulikana. Mwaka 2016 zilitangazwa kanuni zinazofahamika kwa kifupi cha FAIR: data ipatikane, ifikike, iweze kuunganishwa na nyingine, na iweze kutumika tena. Katika ramani za bahari, kuunganishwa kunategemea lugha moja ya mashine, na Shirika la Haidrografia limeijenga kupitia mfumo wa S-100, ambao ndani yake S-102 inahusu sura ya kina. Mifumo ya ramani za kielektroniki ya S-100 inaruhusiwa melini tangu Januari 2026 na itakuwa ya lazima kwa mifumo mipya kuanzia Januari 2029. Taasisi inayohifadhi data zake leo katika muundo wa kujitungia inajiwekea deni la kuzigeuza zote baadaye, kwa haraka na kwa gharama.

Kila chembe ya gridi ibaki na asili yake. GEBCO huambatanisha na gridi yake jedwali la pili linaloeleza kama namba ya pale imetokana na sona ya miale mingi, mwale mmoja, satelaiti au makadirio. Ningependa kila ramani ya taifa iige jambo hili, kwa sababu jicho la binadamu huamini rangi. Sehemu iliyokisiwa na sehemu iliyopimwa zikipakwa bluu moja, mtumiaji hana namna ya kuwa mwangalifu.

Na hata data isipoweza kutolewa, orodha yake itolewe. Hili nalishikilia kuliko mengine yote ya leo. Nani amepima, wapi, lini, kwa chombo gani, kwa kiwango gani, na nani aulizwe: taarifa hizo hazifichui kina hata cha mita moja, lakini zinamzuia mtu mwingine kulipia upimaji uleule mwaka unaofuata. Orodha hiyo iwe na safari zilizopangwa pia, siyo zilizokwisha tu. Australia hufanya hivyo kupitia AusSeabed, mpango wake wa kuratibu upimaji wa sakafu, ambako taasisi hutangaza maeneo wanayokusudia kuyapima ili wengine wajiunge au waepuke kurudia. Uingereza ilianzisha kituo chake cha kuratibu upimaji wa sakafu mwaka 2022. Umoja wa Ulaya, kupitia EMODnet, mtandao wake wa data za bahari, umefuata tangu 2009 kanuni ya kukusanya mara moja na kutumia mara nyingi. Ireland imepima maji yake kwa mpango wa taifa tangu 1999 na inazitoa data bure. Mipango hii inatofautiana kwa ukubwa na fedha, ila yote ina ofisi moja inayojulikana ambayo mtu akiuliza kilichopo hujibiwa.

Linabaki suala la fedha, ambalo kwa kawaida huja mwisho na kukatwa mwanzo. Mkataba wa upimaji hueleza kwa undani bei ya siku ya meli, mafuta na wafanyakazi, kisha hueleza kwa mstari mmoja kwamba data zitakabidhiwa. Napendekeza mstari huo uvunjwe, na mahali pake pawe na ukurasa: data ghafi na zilizosafishwa, muundo, usawa wa kupimia, metadata kamili, kituo zitakakopelekwa, tarehe ya kupelekwa, tarehe ya kufunguliwa, na malipo ya mwisho ya mkandarasi yasitoke mpaka kituo kithibitishe kwamba kimezifungua faili na kuzisoma. Fedha za kuzitunza kwa miaka kumi ziingizwe humohumo, zikiwemo za kuhamisha faili kutoka kizazi kimoja cha diski hadi kingine, na mshahara wa mtu mwenye jina na cheo ambaye hiyo ndiyo kazi yake. Wenye mamlaka ya kusaini mikataba hiyo wamo humu ukumbini, na rasimu ya ukurasa huo nimeiacha kwa katibu wa kikao.

Asanteni sana.